Alama za Lupu katika Programu za DJ: Zinavyowekwa, Zinakohifadhiwa na Uzito Wake katika Data za Muziki wa Sherehe kutoka Ndalambo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi alama za lupu zinavyowekwa kwenye nyimbo kwa kutumia programu za kompyuta za ma-DJ, na mahali alama hizo zinapokaa baada ya kuwekwa. Huenda msomaji akaona kwamba suala hili ni la fundi mitambo na halimhusu mtafiti wa sanaa za maonyesho. Nami niliamini hivyo nilipoanza kukusanya data katika kata ya Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe. Niliomba ridhaa ya DJ mmoja wa sherehe, nikanakili folda ya nyimbo zote anazozitumia harusini, nikarudi chuoni nikiwa na hakika kwamba nimepata data ya kutosha. Nilipoyafungua mafaili hayo kwenye kompyuta yangu, nyimbo zilikuwapo kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini hapakuwa na alama hata moja. Kilichokuwa kiini cha utafiti, yaani mahali ambapo DJ anaukamata wimbo na kuurudisha nyuma mbele ya watu, kilikuwa kimebaki Ndalambo.

Kabla sijarudi kukichukua, kompyuta ya DJ huyo iliharibika, na fundi aliyeitengeneza aliifuta yote na kuiwekea mfumo mpya. Nyimbo zilisalimika kwa sababu zilikuwa kwenye flashi. Alama alizoziweka kwa miaka kadhaa zilipotea zote. Sehemu zinazofuata zinafafanua kwa nini jambo hilo liliwezekana, na kwa nini ni jambo la kimbinu na halikuwa bahati mbaya tu.

Neno kuhusu mahali. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Mji wake wa mpakani, Tunduma, unatazamana na Nakonde ya Zambia, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo flashi ya DJ wa Ndalambo haifanani na ya mwenzake wa Tanga au wa Kigoma. Humo mna taarabu, dansi, bongo fleva, singeli, kwaya na nyimbo kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila aina huleta tatizo lake mtu anapotaka kuitia lupu.

2.0 Lupu na istilahi yake

Lupu ni kipande cha wimbo kinachorudiwa bila mkatiko. Kina alama mbili: alama ya kuingilia na alama ya kutokea. Programu inapofika kwenye alama ya kutokea hurudi papo hapo kwenye alama ya kuingilia, na huendelea hivyo mpaka DJ aifungue, ndipo wimbo uendelee na safari yake. Lupu inaweza kuwa ya papo hapo, ikafa DJ anapobadili wimbo, au ya kuhifadhiwa, ambayo huwekwa mapema nyumbani na kuitwa kwa kubonyeza kitufe kimoja sherehe inapoendelea. Makala haya yanahusu zaidi hii ya pili.

Nimetumia neno lupu kwa sababu ndilo walitumialo wenye kazi yao. Neno kitanzi lina sifa ya kuwa la Kiswahili tangu asili, lakini msomaji akilisikia huona kwanza mtego wa ndege au kamba ya kunyongea. Neno mzunguko nalo nimelihifadhi kwa ajili ya mzunguko wa ngoma, ambao utajadiliwa katika sehemu ya 4.0, kuyachanganya mambo haya mawili kungeharibu hoja yenyewe.

Wazo la kurudia kipande cha sauti iliyorekodiwa ni la zamani kuliko kompyuta za ma-DJ. Mwaka 1948, Pierre Schaeffer, akifanya kazi redioni mjini Paris, alitumia santuri ambazo mfereji wake ulijifunga, sindano ikawa inarudia palepale. Mwaka 1973, katika mtaa wa Bronx jijini New York, DJ Kool Herc alianza kurefusha sehemu ya ngoma kwa kutumia santuri mbili za wimbo mmoja: moja ikimaliza, nyingine inaanza. Grandmaster Flash aliikamilisha kazi hiyo kwa kuchora alama kwa kalamu ya nta juu ya santuri yenyewe, ili aone kwa jicho ni mizunguko mingapi airudishe. Naomba msomaji aikumbuke kalamu hiyo ya nta, kwani tutairudia.

3.0 Lupu harusini

Kwa nini DJ wa Ndalambo aweke lupu? Jibu la haraka ni kwamba wimbo una dakika nne na tukio lina dakika kumi na nne. Msafara wa kutunza ukianza, hakuna ajuaye utaisha lini. Shangazi anakuja na kanga, anacheza mbele ya maharusi, anarudi nyuma hatua mbili, anacheza tena. Nyuma yake wamepanga foleni mama wadogo, majirani, wanakikundi wenzake bibi harusi. Mshereheshaji hawezi kuwaambia wasubiri DJ abadilishe wimbo. Wimbo waliouingia nao ndio wanaotaka kutoka nao. Urefu wa lupu, kwa maneno mengine, hupimwa kwa foleni ya shangazi.

Jibu la pili ni zito zaidi. Si kila kipande cha wimbo kinafaa kurudiwa hata kama mapigo yake yanakubali. Katika taarabu, kumtunza mwimbaji katika ubeti fulani ni kuutuma ubeti huo kwa mtu, na aliyetumiwa anajua. DJ akiutia lupu mshororo wenye mpasho ukarudi mara sita, ukumbi utaanza kutafuta ni nani anayesemwa, na DJ atakuwa ameingia katika ugomvi usiomhusu. Ndiyo maana DJ niliyefanya naye kazi huweka alama zake katika sehemu za ala tupu, na pale palipo na maneno huchagua kiitikio cha kusifu au cha kushangilia. Katika nyimbo za dansi kazi hiyo ni rahisi kidogo: nyimbo nyingi za bendi kama DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, huanza na sehemu ya polepole yenye mashairi, kisha huingia chemko, ambako magitaa yenyewe yanazunguka na wachezaji wanafunguka. Bendi ilikwisha kutengeneza lupu kwa mikono yake. DJ anairefusha tu.

Singeli ni mfano ulio wazi zaidi. Muziki huu wa vitongoji vya Dar es Salaam, wenye kasi ya mipigo 200 hadi 300 kwa dakika, ulikua katika sherehe za mitaani kwa kuvikata vipande vya ala za taarabu, kuvizungusha na kuvikimbiza huku mshika kipaza akighani juu yake. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, uliufikisha ughaibuni. Nautaja hapa kwa sababu unaonesha kwamba uamuzi wa wapi pa kukata unaweza kuzaa utanzu mzima. Anayeuona uamuzi huo kuwa ni kubonyeza kitufe tu hajausikiliza.

4.0 Jinsi alama zinavyowekwa

Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa vipimo. Faili la kawaida la muziki lina vipimo 44,100 kwa kila sekunde katika kila mkondo wa sauti, na alama ya lupu ni namba tu inayosema: anzia kipimo hiki, ishia kipimo kile. Wimbo wenye kasi ya mipigo 120 kwa dakika una mpigo mmoja kila nusu sekunde. Mipigo minne huchukua sekunde 2, yaani vipimo 88,200. Kama wimbo wote unakwenda kwa kasi hiyohiyo bila kuteleza, programu ikishajua kasi na mahali pa mpigo wa kwanza inaweza kuchora mistari ya mipigo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na DJ akibonyeza kitufe cha lupu ya mipigo minne, alama zote mbili hujiweka zenyewe juu ya mistari hiyo.

Hali hiyo inahusu muziki uliotengenezwa kwa kompyuta. Muziki uliopigwa na watu haukubali kwa urahisi. Tuchukue wimbo wa dansi ambao programu imeupima kuwa wa mipigo 128 kwa dakika, kwa kuwa ndiyo kasi ya sehemu kubwa ya chemko, lakini katika sehemu DJ anayoitaka wapigaji wametulia hadi 126. Lupu ya mipigo 16 kwa hesabu ya programu ni sekunde 7.5. Mipigo 16 iliyopigwa kweli ni sekunde 7.62 hivi. Tofauti ni takribani sehemu ya nane ya sekunde, ambayo kwenye karatasi haionekani kitu. Katika kasi hiyo, hata hivyo, ni robo ya mpigo, na inakatwa kila lupu inaporudi. Wachezaji hawatasema kwamba mistari ya mipigo imekosewa. Watasema DJ anajikwaa. Kama wimbo ulitoka kwenye kaseti iliyochoka, ambayo injini yake ilivuta utepe kwa mwendo usio sawa, tofauti huwa kubwa zaidi na hubadilika ndani ya wimbo uleule.

Tatizo la pili ni la mgawanyo wa mapigo. Programu nyingi hutoa urefu wa lupu kwa kuzidisha mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Ngoma nyingi za Afrika ya Mashariki na Kusini huenda kwa mzunguko wa mapigo madogo 12, ambao unasikika kama minne ya tatutatu au kama sita ya miwilimiwili, kutegemea sikio limeegemea wapi. Programu ikiusikia mzunguko huo kwa miwilimiwili, itahesabu mipigo sita. Lupu ya mipigo minne itashika mapigo madogo manane kati ya 12 na kuyaacha manne nje. Ngoma itarudi mwanzo kabla haijamaliza sentensi yake. Hapo hakuna urefu uliowekwa tayari unaofaa. DJ lazima aziweke alama zote mbili kwa mkono.

Singeli inaleta tatizo la upande wa pili. Vipimaji vya kasi hutafuta mipigo katika eneo la kasi zilizozoeleka, na wimbo wa mipigo 240 mara nyingi husomwa kuwa wa 120. Lupu inayoitwa ya mipigo minne huwa na mipigo minane ya singeli. Kosa hili halina madhara makubwa, mradi DJ anajua kwamba namba anayoiona kwenye kioo ni nusu ya ile inayomchezesha mtu.

Namna ya kuziweka kwa mkono ilikuwa hivi katika kazi niliyoishuhudia. DJ husikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, hubonyeza alama ya kuingilia pale anapousikia mpigo mzito, huacha muziki uende, hubonyeza alama ya kutokea mpigo huohuo unaporudi. Kisha huiacha lupu izunguke, wakati mwingine mara ishirini, huku akiisogeza alama ya kutokea mbele au nyuma kidogo kidogo. Haangalii kioo. Anaangalia pembeni, na mguu wake unapiga. Anapoacha kusogeza, ndipo anapohifadhi.

Jambo moja la kiufundi hujitokeza hapa. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka kuvuka mstari wa sifuri. Alama ya kutokea ikiangukia wimbi likiwa juu na ya kuingilia ikiwa mahali ambapo wimbi liko chini, spika hulazimishwa kuruka ghafla na husikika mlio mfupi wa "tak". Dawa yake ni kuzisogeza alama zote mbili hadi mahali wimbi linapovuka sifuri. Baadhi ya programu huufunika mlio huo kwa kufifisha sauti kwa kitambo kidogo sana kwenye kiungo. Katika sehemu zenye ngoma nyingi mlio huo humezwa. Katika sehemu ya gitaa peke yake, au ganuni ya taarabu, unasikika hadi jikoni.

5.0 Zinakohifadhiwa

Grandmaster Flash alichora alama juu ya santuri. Aliyeiazima santuri ile aliazima na alama. Katika kompyuta, wimbo na alama zake kwa kawaida hukaa mahali pawili, na hapa ndipo kosa langu la uwandani lilipotokea.

Programu huria ya Mixxx huhifadhi alama zote katika hifadhidata moja iliyomo ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Mafaili ya nyimbo hayaguswi. VirtualDJ huziandika katika faili la maandishi la hifadhidata, na kila diski au flashi huwa na hifadhidata yake. Anayenakili flashi nzima ataipata, anayenakili folda ya nyimbo peke yake ataiacha. Rekordbox hutumia hifadhidata yake na, nyimbo zinapohamishiwa kwenye flashi, huunda folda ya pekee yenye mafaili ya uchambuzi kando ya nyimbo. Serato ina njia tofauti: alama huandikwa ndani ya faili lenyewe la MP3, katika eneo linalobeba jina la wimbo na la msanii, hivyo husafiri na wimbo. Hata hizo zinaweza kufutika faili linapobadilishwa muundo au kusafishwa taarifa zake, jambo ambalo hutokea sana nyimbo zinapopita mikono mingi.

Muundo wa WAV una nafasi maalumu ya kuandikia mwanzo na mwisho wa lupu ndani ya faili. Nafasi hiyo ilikusudiwa vinanda vya kidijitali vinavyorudia sauti moja, na programu nilizozitaja hazikuifanya kuwa ghala lao.

Katika hifadhidata, uzi unaounganisha alama na wimbo mara nyingi ni anwani ya faili, yaani jina lake na folda liliyomo. Mtafiti mwenye bidii anayebadilisha majina ya mafaili ili yafuate utaratibu wa maktaba yake, kama nilivyofanya mimi, anaukata uzi huo kwa mkono wake. Hata kama ningekuwa nimeibeba hifadhidata, alama zisingeonekana mpaka majina ya awali yarudishwe.

Kuna pia tofauti ndogo inayomhusu anayelinganisha data za programu mbili. MP3 hupangwa kwa vipande vya vipimo 1,152, sawa na sehemu 26 za elfu za sekunde, na mwanzoni mwa faili huwa na kimya kidogo kilichoongezwa na kisimbaji. Programu moja inaweza kukihesabu kimya hicho na nyingine ikakiruka. Alama zikihamishwa kutoka moja hadi nyingine huweza kuteleza zote kwa pamoja. Katika dansi ya polepole utelezi huo hausikiki. Katika singeli ya mipigo 240, ambako mpigo mmoja una robo sekunde, ni sehemu ya kumi ya mpigo, na mtafiti anaweza kuandika kwamba DJ huingia kabla ya mpigo ilhali aliyeingia kabla ni programu.

6.0 Athari kwa data za utafiti huu

Baada ya upotevu huo nilibadilisha utaratibu wa kukusanya. Kwa kila wimbo sasa ninachukua faili lenyewe kwa jina lake la awali, nakala ya hifadhidata yote ya programu pamoja na toleo la programu hiyo, na rekodi ya sherehe iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mixa. Faili la maandishi la hifadhidata lina faida ya pekee: linasomeka bila programu, na nafasi ya kila alama imo humo kwa sekunde, hivyo mtahini anaweza kuihakiki kwa kuusikiliza wimbo na kuangalia saa.

Fomu ya ridhaa nayo ilibadilika. Ya kwanza ilisema DJ anakubali nyimbo zake zinakiliwe. Nyimbo si zake. Ni za bendi na waimbaji. Kilicho chake ni alama, na hizo sikuwa nimeziomba. Nilipomweleza hivyo aliniita mwalimu, akacheka, akasema ndiyo maana hakuona tatizo kunipa. Fomu ya sasa ina mstari unaotaja alama peke yake, na unauliza kama anaruhusu ma-DJ wengine wazione. Kwa nyimbo nyingi alikubali. Kwa chache alikataa, kwa sababu washindani wake wa Tunduma wangezitambua, na hizo hazimo katika viambatisho vya tasnifu.

Katika safari ya pili alikaa nami siku mbili akiziweka upya alama za nyimbo tulizokubaliana. Kwa mojawapo, wimbo wa dansi autumiao kwa kutunza, nilikuwa na rekodi ya harusi iliyofanyika kabla kompyuta haijafutwa, kwa hiyo niliweza kulinganisha. Zamani lupu yake ilianzia kwenye mpigo mzito. Mpya inaanzia nusu mpigo kabla, pale ngoma inapojikusanya kuuelekea. Nilimwonesha tofauti hiyo nikidhani ni kosa la kumbukumbu. Aliisikiliza ya zamani, akasema ile ilikuwa ya ukumbi wenye sakafu ya saruji. Miaka hii anapigia zaidi uwanjani, watu wanacheza juu ya udongo, na wanahitaji kuonywa kabla mguu haujatua. Alama zote mbili zimeingizwa katika jedwali la data, kila moja na tarehe yake.